Kabla hujafungua giaboksi ya otomatiki uani kwako

NABUYOGA, Tororo – Gunia la mchele kutoka Butaleja linaweza kusubiri. Omena iliyokaushwa vizuri nayo inaweza kulala siku moja bila hasara kubwa. Nyanya hazisubiri. Zikikwama njiani kati ya Nabuyoga na Tororo kwa sababu gari limekataa kuingia gia ya tatu, faida ya wiki imekwenda, na mteja wa Malaba ameshanunua kwa mwingine. Kwa hiyo habari ya giaboksi si ya mafundi peke yao.

Malori mengi makubwa yanayovuka Malaba na Busia ni ya gia za mkono, na dereva wake akiona klachi inateleza anajua la kufanya. Shida iko kwenye magari madogo yanayobeba biashara ya mpakani kila siku: Toyota Noah, HiAce, Hilux Surf, Prado za zamani na pikapu chache za otomatiki. Yalitoka Japani yakiwa magari ya familia. Hapa kwetu yamekuwa malori.

Tena si rahisi kuyabadilisha. Tangu sheria ya Uganda ya mwaka 2018, gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa haliingizwi nchini. Kenya ni kali zaidi, kikomo chake ni miaka 8. Surf ya miaka ya 1990 ikifa giaboksi, huwezi kuagiza nyingine ya umri huo. Unaitengeneza uliyonayo, au unaiuza kwa kilo kama chuma chakavu.

Katika hali hiyo ndipo linapokuja jambo ambalo Wamarekani wamelifanya tangu miaka ya 1960 kwenye magari ya mashindano na pikapu za kuvuta mizigo, na Waaustralia wakalifuata kwa Land Cruiser zao: kununua seti ndogo ya springi, sahani ya chuma na gasketi, kufungua sufuria ya giaboksi chini ya gari, na kuifanya gia ishike kwa nguvu zaidi. Kwenye paketi huandikwa Shift Kit. Hapa tutaiita seti ya gia.

Ili ujue kama inakufaa, lazima ujue inafanya nini.

Giaboksi ya otomatiki ya kawaida haina klachi moja ya kukanyagwa kwa mguu. Ina mafungu kadhaa ya klachi ndani, sahani nyembamba zilizopangwa kama chapati, na kila fungu hubanwa kwa nguvu ya oili. Anayeamua fungu lipi libanwe, lini na kwa nguvu gani, ni valvu bodi: bamba la alumini lenye mifereji mingi iliyopinda kama njia za mchwa, lililofungwa chini ya giaboksi, juu ya sufuria ya oili. Kati ya vipande vyake viwili kuna sahani ya chuma yenye matundu. Tundu likiwa dogo, oili hupita polepole. Likiwa kubwa, hupita kwa kasi.

Mtengenezaji wa Japani alitaka mama aliyekaa nyuma na mtoto asisikie gia ikibadilika. Akaweka matundu madogo, na pistoni zenye springi laini za kumeza kishindo. Kwa hiyo kila gia inapobadilika, klachi huteleza kidogo kabla ya kushika. Gari likiwa tupu, mtelezo huo ni wa kufumba na kufumbua. Ukiweka magunia manane, unarefuka, na kila mtelezo ni moto. Moto huunguza oili, oili iliyoungua hailindi klachi, na klachi isiyolindwa huteleza zaidi. Giaboksi nyingi hufa kwa mzunguko huo, polepole, bila kelele.

Seti ya gia hukata mzunguko huo mahali pamoja tu. Springi ngumu zaidi na matundu makubwa zaidi huifanya klachi ishike haraka. Utasikia gia ikiingia kwa kishindo kidogo. Si ubovu, ndiyo kazi uliyoilipia. Kishindo kikizidi, hata hivyo, kinahamia kwenye krosi za propela na kwenye mipira inayoshikilia injini, kwa hiyo gari lenye krosi zilizolegea litazimaliza mapema.

Sasa hesabu moja ambayo wengi hawaipigi. Katika hesabu za Japani, abiria mmoja huandikwa kilo 55. Noah ya watu 8, basi, imepimwa kwa kilo 440. Gunia la mahindi la Kenya ni kilo 90. Magunia matano ni kilo 450, na bado hujamweka dereva, wala mwenye mzigo, wala yule jamaa anayeomba lifti mpaka Nagongera. Hakuna springi ya giaboksi inayobadilisha hesabu hiyo. Breki, matairi na ekseli zimebaki zilezile. Anayekuuzia seti kwa ahadi kwamba utapakia mara mbili anakuuzia ajali.

Halafu kuna magari ambayo seti hizi haziyahusu kabisa. Noah ya umbo lililoanza mwaka 2001 ilikuwa na otomatiki ya gia nne, lakini kuanzia marekebisho ya 2004 Toyota iliiwekea CVT, na umbo la 2007 likaendelea nayo. CVT haina gia za kubadilisha. Ina mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na inataka oili yake maalumu, si ATF. Canter zenye mfumo wa Duonic, zilizotoka mwaka 2010, na Isuzu Elf zenye Smoother, hizo kwa ndani ni gia za mkono zinazobadilishwa na kompyuta. Kwa haya yote, funga mfuko.

Gari linalofaa ni lile lenye otomatiki ya zamani ya gia nne, na mfano ulio karibu nasi ni familia ya A340 ya Aisin, iliyomo kwenye Surf nyingi na Prado za miaka ya 1990. Namba ya giaboksi imo kwenye kibati cha gari, mara nyingi ndani ya boneti. Isome kabla ya kuuliza bei.

Lakini ushauri wangu ni kwamba usianze na seti. Anza na vitu vitatu vya bei nafuu, kwa sababu mara nyingi ndivyo vyenye ugonjwa.

Cha kwanza ni oili. Pima gari likiwa limetembea na kupata moto, limesimama penye usawa, injini ikinguruma. Peleka mkono wa gia kwenye kila nafasi, uurudishe P, kisha chomoa kijiti. Oili iwe kati ya alama za HOT. Nzuri ni nyekundu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya. Ikiwa ya rangi ya waridi kama chai ya maziwa, maji ya redieta yameingia kwenye giaboksi, na maji hayo hubandua utando wa klachi: usiendeshe. Aina ya oili huandikwa kwenye kijiti chenyewe. Dexron si T-IV, na T-IV si WS, hata kama dukani zote zinaitwa haidroliki na zote ni nyekundu.

Cha pili ni waya unaotoka kwenye mkono wa mafuta wa injini (throtoli) kwenda giaboksini, kwa magari ya zamani yaliyo nao. Waya huo ndio unaoiambia giaboksi kwamba dereva amekanyaga sana, iongeze nguvu ya kubana. Ukilegea, giaboksi hudhani unatembea taratibu wakati umepakia tani, na klachi zinateleza. Zima injini, mtu mmoja akanyage pedali mpaka chini, mwingine aangalie kizuizi kidogo kilichopo kwenye waya. Nafasi kati ya kizuizi na mwisho wa mpira wake isizidi milimita 1. Kurekebisha ni nati mbili na dakika kumi. Ni kazi ya bure, na kuna watu wameshusha giaboksi nzima kwa kutoijua.

Cha tatu ni kipoza oili. Giaboksi nyingi za Toyota hupozwa kwa kupitisha oili ndani ya redieta ya maji. Kuongeza redieta ndogo ya oili mbele ya ile kubwa ni kazi ya mipira miwili na vifungo vyake. Kwa anayebeba mizigo kwenye jua la Tororo, naona kipoza kina thamani kuliko seti, na kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, nunua hicho.

Ukishayapita hayo na oili yako bado ni nzuri, basi unaweza kufungua. Uani panatosha, mradi pawe na sakafu ngumu na pasiwe na vumbi, jambo ambalo mwezi wa Januari hapa kwetu ni gumu. Subiri siku tulivu. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma, zuia magurudumu, na acha oili ipoe, kwani ya moto inachoma kama mafuta ya mandazi.

Sufuria ikishuka, isome kabla ya kuisafisha. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida. Chenga nyeusi nyingi ni klachi zilizokwisha, na vipande vinavyong'aa kama shaba ni bushi zinazolika. Ukiona hayo, simama hapo. Seti haifufui klachi iliyoungua. Inaimaliza haraka. Gari hilo linahitaji fundi wa giaboksi na klachi mpya, na fedha za seti zingesaidia huko.

Kama sufuria ni safi, endelea. Bolti za valvu bodi hazilingani urefu, na ile ndefu ikiingia mahali pa fupi inapasua alumini. Chora umbo la bodi kwenye boksi la katoni na uchomeke kila bolti mahali pake. Kwenye A340, pistoni za kumeza kishindo na springi zake zimekaa kwenye mwili wa giaboksi juu ya valvu bodi, na ukiishusha bila kujiandaa zinakudondokea. Piga picha kwa simu kila hatua. Utakapotenganisha vipande viwili vya bodi kutakuwa na vigololi vidogo kwenye mifereji. Vihesabu, na uandike kila kimoja kilikaa wapi. Kigololi kimoja kikipotea kwenye nyasi, gia hazitaingia sawasawa.

Wakati wa kurudisha, vigololi hushikiliwa kwa vaselini, ile ya kujipaka, kwa sababu inayeyuka oili ikipata moto. Grisi ya bearingi haiyeyuki. Inaziba tundu, na utalaumu seti. Usifute kwa matambara yenye nyuzi. Kama maelekezo yanataka upanue tundu kwa kekee, tumia kipimo kilichotajwa tu, na kama una sahani mpya, ihifadhi ile ya zamani, maana tundu lililopanuliwa halirudi. Bolti za valvu bodi ya A340 hukazwa karibu Nm 10 tu, yaani spana fupi na mkono mwepesi. Mafundi wetu wamezoea nati za magurudumu, na mkono huo hapa unaharibu. Silikoni nayo isimwagwe kwenye ukingo wa sufuria, inakatika vipande na kuziba filta.

Pima oili iliyotoka kwa chupa, rudisha kiasi hichohicho, kisha ongeza kidogo kidogo ukipima injini ikiwaka. Oili chafu usiimwage kwenye mtaro, maana mitaro ya Nabuyoga inaelekea kwenye mashamba ya mpunga.

Kuhusu kununua. Vipuri vya giaboksi hutafutwa soko la Kisekka mjini Kampala, au Grogan na Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi. Seti yenyewe mara nyingi itakuwa ya kuagiza. Ukiinunua Nairobi na kuvuka nayo Busia, kumbuka kwamba utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, ule wa mzigo usiozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama. Seti ya Marekani au Japani haipati cheti rahisi cha uasili hata ikiwa ndogo kama pakiti ya majani ya chai. Itangaze kwa forodha, na risiti iwe mkononi. Kuificha chini ya kiti kwa kitu cha bei hiyo ni kuhatarisha gari zima.

Na uendeshaji wako pia una sehemu yake. Kwenye foleni ya Malaba, ukikaa kwenye D huku umekanyaga breki, oili inachemka bila gari kusogea hata hatua. Weka N. Ukiwa na mzigo kwenye mlima, zima kitufe cha O/D ili gia isipande na kushuka ovyo. Rivasi isiingizwe gari likiwa bado linasogea mbele.

Baada ya kufunga seti, safari ya kwanza iwe tupu na iwe fupi, mpaka Nagongera na kurudi. Sikiliza kama kila gia inaingia mara moja. Kisha lala chini uangalie ukingo wa sufuria kama unavuja, na upime kijiti tena kesho yake asubuhi kabla hujapakia.