Kalkulasi yaweza kumwonyesha mchenjuaji siku ya kusimamisha tangi

WAPO wanafunzi wa mwaka wa kwanza vyuoni, hata wanaotoka Geita na Kahama, wanaodhani kuwa kalkulasi ni hisabati ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Kumbe swali lake la kwanza huulizwa kila siku kwenye matangi ya kuchenjulia dhahabu nyumbani kwao.

Katika mikoa ya Geita na Shinyanga, mchanga ambao wachimbaji wadogo wamekwisha kuukamatishia dhahabu kwa zebaki, maarufu kama marudio, hutiwa kwenye matangi na kupitishiwa maji yenye sayanidi. Dhahabu iliyobaki huyeyuka, kisha hunaswa na kaboni. Siku za mwanzo hutoka nyingi, baadaye hupungua. Je, mwenye tangi alisimamishe lini?

Tuchukue tangi la mfano ambalo baada ya siku t limetoa gramu 40t – 2t². Siku ya 10 jumla ni gramu 200, yaani wastani wa gramu 20 kwa siku. Wastani huo hupotosha, maana hausemi tangi linatoa kiasi gani leo.

Kalkulasi huufupisha muda unaopimwa. Kuanzia siku t hadi muda mdogo h baadaye, ongezeko la dhahabu likigawanywa kwa h hupatikana 40 – 4t – 2h. Kadiri h inavyokaribia sifuri, jibu hukaribia 40 – 4t. Hiyo ndiyo kasi ya wakati uleule, ambayo Newton na Leibniz, kila mmoja kwa njia yake, waliiwekea kanuni katika karne ya 17. Siku ya 2 ni gramu 32 kwa siku; siku ya 9 ni gramu 4 tu.

Vitabuni mwanafunzi hufundishwa kutafuta kilele kwa kuifanya kasi iwe sifuri, hapa siku ya 10. Ni sahihi kwa dhahabu, si kwa mfuko. Iwapo sayanidi, dizeli ya pampu na ujira hugharimu thamani ya gramu 8 kwa siku, tangi lisimamishwe kasi inaposhuka hadi gramu 8, yaani siku ya 8. Jumla itakuwa gramu 192, gharama 64, faida 128. Atakayengoja siku mbili zaidi ataongeza gramu 8 kwa gharama ya gramu 16, na faida itabaki 120.

Matangi halisi, bila shaka, hayafuati kanuni nyepesi kiasi hicho. Mwenendo wa kila tangi hujulikana kwa kupima maji yake kila siku na kuandika daftarini.