Linux Juu ya Flashi: Kwa Nini Diski Yako Haiguswi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Intel ya kabla ya kizazi cha 8 kwa kawaida haikubaliwi rasmi na Windows 11, iwe iko Puta nchini Zambia, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, Pweto upande wa Kongo, au Dar es Salaam. Wenye mashine hizo hushauriwa wajaribu mfumo endeshi mwingine, Linux, nao huuliza swali la haki: je, picha za harusi na hesabu za duka zitasalimika?

Zitasalimika. Kinachozilinda ni moja ya mbinu nzuri kabisa katika sayansi ya kompyuta.

Maandalizi ni mafupi. Pakua Linux Mint, takribani gigabaiti 3, uiandike kwenye flashi tupu ya gigabaiti 8 kwa programu kama Rufus. Zima laptopu, chomeka flashi, kisha uwashe huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP. Mfumo endeshi mzima utawaka kutoka kwenye flashi.

Sasa uhondo unaanza. Mfumo endeshi hauwezi kukaa bila kuandika: unabadili mipangilio, unaweka mafaili ya muda, unarekodi kila tukio. Lakini ndani ya flashi Linux imefungwa katika faili moja kubwa lililobanwa, la kusomwa tu. Basi inaandika wapi?

Haiandiki kwenye diski ya ndani, bali kwenye tabaka la pili lililo ndani ya RAM, memori inayofutika umeme ukizimwa. Klaus Knopper, Mjerumani, aliwaonyesha watu mfumo wa kujaribu bila kusakinisha alipotoa Knoppix mwaka 2000, wakati huo kwa CD. Mbinu ya matabaka iitwayo overlayfs iliingia rasmi kwenye kiini cha Linux, toleo la 3.18, Desemba 2014.

Chukua ramani ya Ziwa Mweru iliyobandikwa ukutani darasani, kisha uifunike kwa nailoni angavu. Ukitazama kwa mbele unaona kitu kimoja: mto Luapula ukiingia kusini, mto Luvua ukitoka kaskazini karibu na Pweto, kisiwa cha Kilwa katikati ya maji. Ukitaka kubadili mwambao wa Nchelenge, huigusi karatasi. Unachora upya kipande hicho chote juu ya nailoni, kisha unasahihisha mchoro wako. Jicho linaona wa juu, wa chini umefichika. Na ukitaka kukifuta kisiwa cha Kilwa? Unakibandikia kipande cheupe juu ya nailoni. Kisiwa kimetoweka machoni, ilhali karatasini kipo vilevile. Overlayfs hufanya hivyo hasa: faili "lililofutwa" huwekewa alama ya kulificha, na kila programu huambiwa halipo. Bandua nailoni, ramani ni ileile.

Utaratibu huu nauita "nakili ndipo uandike". "Ndipo" linabeba mpangilio wenyewe: nakala hutangulia, kalamu hufuata. Na hunakiliwa faili zima, hata ukigusa herufi moja tu. Ndiyo maana kuhariri faili kubwa lililomo ndani ya mfumo huo hula memori haraka, na gigabaiti 4 za RAM zinafaa kuliko 2.

Kwa wakazi wa Zambia, waliopitia mgao mkali wa umeme baada ya ukame wa 2024, jambo hili lina uzito wa pekee. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, kinachopotea ni tabaka la juu peke yake. Ukikatika wakati wa kusakinisha, diski inapogawanywa, hasara inaweza kuwa kubwa. Kwa hiyo jaribu kwanza: Wi-Fi, modemu, printa, sauti. Usibonyeze kitufe cha kusakinisha, usifute kitu kwenye diski ya ndani, na uwe na nakala ya mafaili yako pamoja na ufunguo wa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, kama unatumika.

Na kwa kuwa tabaka la chini halibadiliki, flashi moja inaweza kuzungushwa shule nzima. Kila laptopu itaanza na Linux ileile safi, hata kama mwanafunzi aliyetangulia alifuta kila alichokiona ndani ya Linux hiyo.