Jeshi Lisilopungua

Mwaka 2019 kampuni ndogo ya Ufini, 10tons, ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Undead Horde. Kanuni yake ni fupi: mchezaji ni mchawi mfufua wafu, na adui anayeanguka vitani anaweza kuinuliwa akawa askari wake. Jeshi linakua kwa kula jeshi jingine.

Mzee wa Shinyanga anayejua isolo hawezi kushangazwa na kanuni hiyo. Isolo ni mchezo wa Wasukuma, wa ukoo mmoja na bao la pwani, omweso wa Buganda na igisoro ya Rwanda. Una safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, na pasipo ubao, mashimo huchimbwa ardhini. Namna ya kuucheza hutofautiana kati ya wanaume, wanawake na wavulana.

Siri ya ukoo huu huonekana vizuri zaidi katika bao la Kiswahili, ambalo sheria zake zimeandikwa kwa kina. Kila mchezaji ana kete 32. Huanza na 6 ndani ya shimo liitwalo nyumba, 2 katika kila shimo kati ya mawili ya jirani, na 22 mkononi. Katika hatua ya kunamua, kila zamu huingiza kete moja. Ikiingia shimo la mbele lenye kete, na shimo la adui linalotazamana nalo pia lina kete, za adui zimeliwa.

Hapo ndipo bao linapoachana na drafti. Kizibo cha soda kilicholiwa kwenye drafti huwekwa kando, na kazi yake imekwisha. Kete zilizoliwa kwenye bao hurudi vitani papo hapo: mlaji huzisambaza moja moja upande wake, kuanzia kichwa, yaani shimo la pembeni kabisa, cha safu ya mbele. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, na mkabala wake zipo za adui, hula tena. Ikiangukia shimo tupu, inalala na zamu inahama.

Kete zote zikishaingia ubaoni huwa 64, na hubaki 64 hadi mwisho. Kinachobadilika ni nani zinamtumikia.

Kutokana na sheria hiyo moja, vita vyote hugeuka. Rundo kubwa la kete katika safu ya mbele ni nguvu, lakini pia ni hatari, kwa sababu likiliwa humpa adui msambao mrefu unaoweza kuzaa ulaji mwingine, na mwingine tena. Aliye nyuma anaweza kurudi juu kwa zamu moja. Anayeshindwa si lazima awe ameishiwa kete: safu yake ya mbele ikiwa tupu, amefungwa, hata kama safu ya nyuma imejaa. Ndiyo maana mtafiti Alex de Voogt, aliyewasilisha tasnifu yake Leiden mwaka 1995, alivutiwa na namna mabingwa wa Zanzibar wanavyopiga hesabu ndefu kichwani bila kugusa kete.

Kijana wa Kahama au Geita anayetaka kutengeneza mchezo wa simu kuhusu jeshi linalofufuka anaweza kushawishika kuanzia kwingine: kwenye simulizi za msukule, mtu anayeaminiwa kuchukuliwa na mchawi, akadhaniwa amekufa, kisha akalimishwa mashamba usiku. Aziache. Katika kanda hiyo, imani za uchawi zimemwaga damu ya watu halisi. Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti kuhusu vijiji vya Meatu, wilaya iliyokuwa wakati huo ndani ya mkoa wa Shinyanga. Aligundua kuwa katika miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi, wengi wao wanawake wazee, yalikuwa takriban maradufu. Mwaka 2010 Deborah Fahy Bryceson na wenzake walionyesha uhusiano wa mauaji ya watu wenye ualbino na imani za kutafuta bahati miongoni mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Bibi mwenye macho mekundu hapaswi kugeuzwa adui wa kwenye skrini katika eneo ambako macho hayo yamewahi kuwa sababu ya kumuua.

Isolo inampa mtengenezaji huyo jeshi lisilokufa bila kumtuhumu yeyote. Kwa upande wa ufundi kazi ni nyepesi: kete zote zikiwa ubaoni, hali nzima ya mchezo ni namba 32, moja kwa kila shimo, pamoja na kumbukumbu ya zamu ni ya nani. Hata simu ya bei ndogo inazimudu, bila picha nzito wala intaneti. Kazi ngumu ni ya kutembea na daftari: kuketi na wazee wa Shinyanga, Kahama na Geita, wanawake kwa wanaume, na kuandika sheria za kila namna ya isolo kama kila mmoja anavyoicheza, kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu.