Hondohondo wa Amani na Mvule wa Madrasa Yetu



Ukiwa Maramba ukatazama upande wa machweo, utaiona milima ya Usambara Mashariki imejipanga kama ukuta. Tumeitazama tangu utotoni, lakini wengi wetu hatukuwahi kuipanda kwa nia ya kujifunza. Likizo ya Desemba tuliwachukua vijana kumi na wawili wa madrasa pamoja na baadhi ya wazazi wao, tukapitia Muheza na Kisiwani hadi Sigi, katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Hapo tulipiga mahema kwa siku mbili, tukiongozwa na mwongoza watalii mzaliwa wa milima hiyo.

Alitueleza kuwa saa bora ya kuwatazama ndege ni mara tu kunapopambazuka. Kwetu hilo halikuwa zito, kwani tulikwisha kuswali Alfajiri pale wageni wengine walipokuwa bado wamelala. Tulitembea kimya, tukipokezana darubini mbili.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1997, lakini Amani ni mahali pa elimu tangu zamani. Wajerumani walijenga hapo taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Kuanzia mwaka 1928, Mwingereza Reginald Moreau aliishi Amani, akawachunguza ndege wa misitu hii kwa miaka mingi. Mmoja wao, ndege mdogo mshonaji mwenye mdomo mrefu, alielezwa kitaalamu mwaka 1931 na kupewa jina lake. Nje ya milima hii, ndege huyo anajulikana kaskazini mwa Msumbiji tu. Sisi hatukubahatika kumwona.

Tuliyemwona ni hondohondo. Jike lake huingia katika tundu la mti mkubwa ili atage. Dume huleta udongo, na jike hulikandika tundu kwa ndani mpaka ubaki mwanya mwembamba wa kupitisha mdomo. Humo hukaa takriban miezi minne, na riziki yake yote hutoka kwa mumewe. Moreau na mkewe Winifred walikadiria kuwa dume mmoja, katika siku 120, alifika tunduni mara 1,600 na kuleta matunda 24,000. Huyabeba kooni, kisha huyatoa moja baada ya jingine na kumkabidhi mkewe mwanyani. Tulimshuhudia mmoja akifanya hivyo, nasi akina baba tuliokuwapo tulitazamana bila kusema neno.

Hapo kijana mmoja wa miaka kumi na mmoja akatuuliza: "Sheikh, ule mvule wetu nao ulikuwa na tundu?"

Ndugu wasomaji, swali hilo lilitukata maini. Miaka mitatu kabla ya safari, sisi wenyewe ndio tuliotoa shauri mvule mkongwe uliokuwa nyuma ya madrasa ukatwe, tupate mbao za madawati. Kibali kilikuwapo na nia ilikuwa njema. Tundu lilikuwapo pia, tena juu kabisa, na hondohondo tulizoea kuwasikia. Baada ya hapo hawakurudi. Tulimjibu kijana ukweli: "Ndiyo, mwanangu, lilikuwapo, nasi hatukuuliza lilikuwa la nani."

Hondohondo hawezi kujitobolea nyumba. Hutegemea tundu lililofanyika lenyewe katika mti ulioishi miaka mingi. Mti huo ukiondoka, miche mia haiwezi kushika nafasi yake mwaka ule ule. Naye ndege huyu ni mpanzi, kwani humeza matunda na kuziangusha mbegu mbali na mti mama. Msitu anaousaidia kuota ndio unaohifadhi chemchemi za Mto Zigi, na maji ya mto huo hukusanywa katika bwawa la Mabayani kwa matumizi ya Jiji la Tanga. Mtu anayetawadha Ngamiani au Chumbageni ana deni kwa msitu huu, ajue asijue.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, hiyo huandikwa kuwa sadaka yake. Wengi wetu tunaihifadhi hadithi hii kwa ajili ya kupanda. Safari ile ilitufunza tuikumbuke pia tunaposhika shoka.

Kwa hiyo tunawanasihi wazazi: kabla ya kuukata mti mkongwe shambani, inua macho. Ukiona tundu, tafuta mbao kwingine. Na watoto wakipata likizo, wapelekeni milimani pamoja na mtu ajuaye, nanyi baba zao mfuatane nao.

Tuliporejea Maramba tulipanda miche sita ya mvule pale pale. Matundu yake hatutayaona sisi. Huenda wakayaona wajukuu wa vijana hawa, in shaa Allah. Yule aliyeuliza swali ndiye anayeimwagilia kila jioni, baada ya Alasiri.