Mama Daftari na Amana ya Marehemu

Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila nisikiapo methali hii humkumbuka mama mmoja wa Kirabai, Mkristo wa kanisa la Anglikana, aliyekuwa karani mkuu wa hesabu katika ofisi ya tajiri mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Jina lake sitalitaja, kwani mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Sisi makarani wadogo tukimwita Mama Daftari, naye akiitika bila kinyongo. Alifariki mwaka 2009, na naona si haki maisha kama yale yapite hivi hivi.

Kwao Rabai Ukristo si jambo la jana. Dakta Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na mwenziwe Rebmann wakafungua misheni huko Rabai. Mama huyu alilelewa katika mila hiyo ya kanisa na shule, na kalamu aliijua tangu utotoni.

Mimi niliingia ofisini mwaka 1971. Kazi yetu ilikuwa ya majahazi: boriti za mikoko kutoka Lamu, papa wakavu, chumvi, na tende zilizoletwa na vyombo vya Ghuba wakati wa kaskazi. Manahodha wengine waliacha fedha zao kwa tajiri, wakazichukua safari nyingine. Yote hayo yaliingia katika leja kubwa ya Mama Daftari, na kila tarakimu aliiandika mara mbili: apokeaye upande wa kushoto, atoaye upande wa kulia. Mwisho wa mwezi pande mbili zilingane. Zikipishana senti tano, hatutoki.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuwa kanuni hiyo ilichapishwa Venice mwaka 1494 na mtawa Mkristo, Luca Pacioli. Kisha akacheka, akasema, "Lakini tarakimu zenyewe, mwanangu, Wazungu walizipata kwa Waarabu, na Waarabu walizipata Bara Hindi. Basi hapa hakuna wa kujivuna." Na kweli, tazama maneno ya kazi yetu: hesabu, daftari, faida, hasara, amana. Yote tumeyapokea kwa njia ya Kiarabu, na Mkristo wa Rabai huyatamka sawasawa na Mwislamu wa Kibokoni.

Jumapili hakufanya kazi, hata chombo kingoje. Ijumaa, adhana ikikaribia, alitufukuza mezani: "Nendeni mkaswali, hizi nitamaliza mimi." Mwezi wa Ramadhani hakunywa chai mbele yetu. Asubuhi, kabla ya kufungua leja, aliinamisha kichwa akaomba kimya kimya.

Mwaka 1972 nahodha mmoja wa Pate alizama na chombo chake. Alikuwa ameacha kwetu zaidi ya shilingi elfu nane. Mwaka ukapita, wa pili na wa tatu, asije mtu kudai. Jamaa mmoja wa tajiri aliyekuwa akisimamia ofisi akaamuru fedha zile zihamishwe ziwe faida ya duka, maana maiti hadai. Mama Daftari akakataa. Wakavutana mbele yetu sote, hata akaambiwa kama hataki kazi, mlango u wazi. Naye alikuwa mjane, mwenye watoto wanne wa shule.

Alifunga leja taratibu, akaiweka mbele ya tajiri mwenyewe, akasema, "Bwana, mimi nina Mungu wangu na wewe unaye wako. Sote tutaulizwa. Ukitaka ufutwe mstari huu, aufute mwingine, na mimi nitakwenda zangu Rabai." Tajiri alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akamrudishia leja.

Mstari ule ukahamishwa kutoka kitabu hata kitabu, mwaka baada ya mwaka, kwa wino mweusi: amana ya marehemu. Mwaka 1978 akatokea kijana mwembamba, mwana wa yule nahodha, na hati ya mirathi kutoka kwa Kadhi wa Lamu. Hakujua ni kiasi gani. Alisikia tu kwamba babake alikuwa na kitu Mombasa. Mama Daftari alifungua ukurasa bila kutafuta, akamhesabia mpaka senti ya mwisho. Kwa sehemu yake kijana yule alinunua mashua.

Wapo watakaoniuliza, je, hatuna Waislamu wema hata tumsifu Mkristo? Tunao, alhamdulillahi. Lakini Kurani yenyewe, katika Sura ya Aal Imran aya ya 75, imeshuhudia kuwa miongoni mwa watu wa Kitabu yuko ambaye ukimwamini kwa mrundo wa mali atakurudishia. Na aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 ya Al-Baqara, yatuamrisha kuandikiana madeni. Ni wangapi wetu leo tunaokopeshana kwa mdomo tu, kisha tukatengana kwa ugomvi?

Alipozikwa Rabai tulikwenda wengi kutoka Mji wa Kale, na mwenye mashua alikuwamo, mvi zimeanza kumtoka. Tulisimama kando na kofia zetu, tukawapa mkono watoto wake. Mmoja wao naye ni mhasibu.

Ndugu msomaji, kama una amana ya mtu, iandike leo.