Mkahawa wa Shambani Bagamoyo: Kipato cha Mkulima na Usalama wa Mlaji

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

Msafiri anayetoka mjini Bagamoyo kuelekea Msata, katika barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 64, hupita Kiwangwa, eneo linalosifika kwa kilimo cha mananasi. Msimu unapofika kilele, matunda hayo hurundikwa kando ya barabara, na bei hushuka kwa sababu kila mkulima anavuna wakati mmoja na nanasi lililoiva halisubiri. Wakati huohuo, mji wa Bagamoyo, ulio takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, hupokea wageni wanaokwenda kuona magofu ya Kaole, Mji Mkongwe na Misheni iliyoanzishwa mwaka 1868. Wengine huendelea hadi Hifadhi ya Taifa Saadani. Wageni hao wote hula.

Njia mojawapo ya kumkutanisha mkulima huyo na mlaji huyo ni mkahawa wa shambani. Makala haya yanaeleza maana ya mkahawa wa aina hiyo, manufaa yake, masharti yanayouhusu na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyazingatia kabla ya kuketi mezani.

Maana ya mkahawa wa shambani

Mkahawa wa shambani ni huduma ya chakula inayotolewa katika shamba au makazi ya mkulima, ambapo sehemu kubwa ya chakula hutoka katika shamba hilo au kwa majirani. Kwa Bagamoyo, majirani ni pamoja na mvuvi wa pwani, mfugaji wa kuku, mkulima wa mpunga wa bonde la Mto Ruvu na mzalishaji wa chumvi ya bahari.

Utaratibu huu si mgeni katika ukanda wetu. Zanzibar, wageni wanaotembelea mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kindichi huonja matunda na kula chakula kilichopikwa kwa viungo hivyo. Katika Tanzania Bara, utalii wa utamaduni uliopangwa tangu miaka ya 1990 umewawezesha wanawake wa Mto wa Mbu, mkoani Arusha, kuwapikia wageni chakula cha nyumbani. Nchini Italia, huduma hiyo ilitungiwa sheria mwaka 1985 na kufanyiwa mabadiliko mwaka 2006. Sheria hiyo inataka mapokezi ya wageni yaambatane na kilimo, na kilimo kibaki kuwa shughuli kuu. Msingi huo una maana, kwa kuwa mkahawa unaonunua kila kitu katika soko la mbali na kubandika neno "shambani" mlangoni haumwongezei mkulima chochote.

Thamani inabaki wapi?

Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiowakilisha bei halisi ya soko. Mkulima akiuza nanasi kwa shilingi 500 barabarani, hapo ndipo mapato yake yanapoishia. Nanasi hilohilo likitoa glasi 3 za juisi, kila moja kwa shilingi 1,000, pato ghafi ni shilingi 3,000. Tofauti ya shilingi 2,500 si faida yote, kwa maana humo mna gharama za maji safi, nishati, vyombo, ujira na kodi. Hata hivyo, ujira huo hulipwa kijijini, na nanasi ambalo lingeoza limepata mnunuzi.

Manufaa hayo huongezeka pale mkahawa mmoja unaponunua kwa wazalishaji kadhaa. Sahani ya wali wa nazi, samaki wa kupaka na kisamvu inaweza kuwagusa mkulima wa mpunga, mwenye minazi, mvuvi na mwenye shamba la mihogo kwa mlo mmoja.

Chakula hufuata pepo na maji

Mgeni anayekwenda katika mkahawa wa aina hii asitarajie orodha ileile ya vyakula mwaka mzima. Wakati wa kusi, bahari huchafuka na vyombo vidogo vya uvuvi havifiki mbali; samaki hupungua na bei hupanda. Pweza hupatikana zaidi siku za bamvua, maji yanapokupwa sana na miamba kuwa wazi, kuliko siku za maji mafu. Embe na nanasi navyo vina misimu yake.

Mpishi anayemwambia mgeni "leo hakuna pweza" anaweza kuwa ndiye mwaminifu zaidi. Kanuni za uvuvi nchini zinakataza kuvua na kuuza pweza mwenye uzito wa chini ya gramu 500, ili apate nafasi ya kukua na kuzaliana. Mkahawa unaolazimisha kuwa na pweza kila siku humsukuma mvuvi kuvunja kanuni hiyo.

Chakula cha karibu si lazima kiwe salama

Wapo wanaodhani kwamba chakula kilichotoka jirani hakiwezi kudhuru. Dhana hiyo si sahihi, na madhara yake yanaweza kuwa makubwa. Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9, wakiwamo watoto 8, walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa. Kasa ni kiumbe anayelindwa kisheria, na sumu inayoweza kuwamo katika nyama yake haiondolewi kwa kupikwa. Vivyo hivyo sumu ya samaki aina ya bunju.

Hata samaki wa kawaida wanahitaji uangalizi. Jodari, nguru na vibua wakiachwa juani baada ya kuvuliwa hutengeneza kemikali inayosababisha mwili kuwasha, uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma na kutapika, na moto wa jikoni hauiondoi. Kinga ni barafu, kuanzia chomboni hadi jikoni. Kisamvu hakina budi kutwangwa na kuchemshwa vya kutosha, kwa sababu majani ya muhogo yana viasili vya sumu ya sianidi. Maziwa yachemshwe, na nyama ya mbuzi au ng'ombe iwe imekaguliwa na mtaalamu na kugongwa muhuri.

Hatua kwa anayetaka kuanzisha huduma

Mwananchi anayekusudia kufungua mkahawa wa shambani anashauriwa kufuata hatua zifuatazo:

1. Kupata Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na kusajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) iwapo atatumia jina lisilo lake.

2. Kuomba leseni ya biashara katika halmashauri yake. Wilaya ya Bagamoyo ina halmashauri mbili, Bagamoyo na Chalinze. Mkazi wa Kiwangwa anahudumiwa na Halmashauri ya Chalinze.

3. Kuwasiliana na afisa afya wa eneo lake mapema, kabla ya kujenga jiko, ili apate maelekezo kuhusu maji, choo, taka, uhifadhi wa chakula na upimaji wa afya za wahudumu. Kurekebisha jiko lililokwisha kujengwa ni ghali kuliko kulijenga vizuri tangu mwanzo.

4. Kuzingatia matakwa ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu Julai 2019 ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula lililokuwa chini ya iliyokuwa TFDA.

5. Kuwasiliana na Wizara ya Maliasili na Utalii iwapo analenga kupokea watalii, kwa kuwa huduma za utalii zinasimamiwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008.

Aidha, ni vema mwenye mkahawa aweke daftari linaloonesha bidhaa ilinunuliwa kwa nani na lini. Mgeni akiugua, daftari hilo husaidia kujua tatizo lilianzia wapi, badala ya wavuvi wote au wakulima wote kulaumiwa.

Wajibu wa mlaji

Mwananchi anayekwenda kula ana haki ya kuuliza: samaki huyu amevuliwa lini, kuku huyu amefugwa wapi, mchele huu umetoka wapi? Swali hilo si utovu wa adabu, na mwenye shamba wa kweli hulijibu kwa furaha. Kuuza kuku wa kisasa kwa jina na bei ya kuku wa kienyeji ni kumpotosha mlaji, jambo linalokatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mlaji pia ana wajibu wa kudai risiti, na kutoa taarifa kwa afisa afya au kituo cha afya endapo atapata madhara baada ya kula.

Ni vema pia kutoa taarifa mapema kabla ya kwenda. Jiko la shambani halina akiba kubwa ya vyakula. Mwenyeji akijua idadi ya wageni tangu jana yake, atavuna na kununua kiasi kinachotosha, na hakuna kitakachotupwa.

Ardhi, bahari na wageni vyote vipo Bagamoyo. Mkulima wa Kiwangwa anayeona nanasi lake likishuka bei kando ya barabara anaweza kuanza na meza mbili chini ya mwembe, maji safi ya kunawa, na ziara moja kwa afisa afya wa kata yake.