Fidia ya Joto: Jinsi Chipu Inavyotunza Wakati

Utangulizi

Soko la Ekero liko karibu na mji wa Mumias, Kaunti ya Kakamega, katika eneo lenye Waislamu wengi. Mwezi wa Ramadhani, dakika moja si jambo dogo: anayefuturu kabla ya jua kutua saumu yake huingia dosari. Tuseme saa ya elektroniki inayotegemewa inakwenda mbio kwa asilimia 1 tu. Siku ina sekunde 86,400. Hivyo saa hiyo itatangulia kwa sekunde 864, yaani dakika 14 na sekunde 24, kila siku. Makala haya yanaeleza chanzo cha kosa la namna hii na mbinu za kulipunguza.

Chanzo cha tofauti

Kila chipu inayopima wakati hutegemea osileta, yaani sehemu inayotoa mapigo ya umeme mfululizo. Osileta sahili ni mfano wa mtungi. Umeme hupita katika rizista, iliyo kama mrija mwembamba, ukajaza kapasita. Kapasita ikifikia kiwango maalumu hupunguzwa, kisha hujazwa upya. Muda wa pigo hutegemea ukinzani wa rizista na ukubwa wa kapasita.

Taabu ni mbili. Kwanza, kiwanda hakiwezi kutengeneza chipu zilizo sawa kabisa. Ukinzani waweza kupishana na uliokusudiwa hata kwa asilimia 20. Pili, ukinzani hubadilika kwa joto, hivyo mapigo ya adhuhuri si yale ya alfajiri.

Mbinu za kuipunguza

Mbinu ya kwanza ni kutegemea uwiano. Chipu ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971, huweka viwango vyake kwa rizista tatu zilizo sawa ndani yake: theluthi moja na theluthi mbili ya volti ya chanzo. Joto likizidi, zote tatu hubadilika pamoja, na uwiano wao hausogei.

Ya pili ni kuoanisha vinyume: rizista ambayo ukinzani wake hupanda kwa joto huunganishwa na ile ambayo ukinzani wake hushuka. John Harrison wa Uingereza alitumia wazo hilohilo katika karne ya 18, alipounda timazi ya saa kwa shaba nyeupe na chuma cha pua.

Ya tatu ni kupima kila chipu kiwandani na kuhifadhi namba ya kuisahihisha katika kumbukumbu yake. Hata hivyo, kosa la asilimia 1 bado ni kubwa kwa mwenye saumu. Ndiyo maana saa za kawaida hutumia fuwele ya kwatsi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ikigawanywa kwa mbili mara 15, hubaki pigo moja.

Hitimisho

Tofauti hizi hazifutwi, bali hufidiwa. Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kutafuta istilahi. Mwislamu asiyeweza kabisa kufunga kwa uzee hutoa fidia kwa kulisha maskini. Nayo rizista moja hulipa kile ambacho joto limekichukua kwa nyingine. Neno hilo lilikuwa limekwisha kuzoeleka Mumias kabla ya chipu kuwasili.